Neno la Kinyonga wa Kisaki

"Mjomba, kinyonga wangu ameharibika."

Maneno hayo ndiyo yaliyonilaki Kisaki asubuhi ile, kabla hata ya shikamoo. Nilikuwa nimefika jana yake jioni kwa basi la Morogoro, njia ya Matombo, Mvuha na Dutumi, masika yakiwa ndiyo kwanza yanakatika na barabara bado ina madimbwi. Mpwa wangu, mtoto wa darasa la tano, alikuwa amekumbatia ndoo ya plastiki ya bluu. Mdomo wa ndoo ulifunikwa kwa kipande cha chandarua kilichokazwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na kijiti kimoja kikavu, kifuniko cha chupa kilichojaa maji, panzi wawili waliokwisha kufa, na kinyonga mweusi kama kaa la mkaa.

Mtoto akanieleza kesi yake kwa mpangilio, kama anayempeleka mgonjwa zahanati. Amemfuga siku tatu. Alimweka juu ya kanga nyekundu ya mama yake, hakuwa mwekundu. Akamweka kwenye jani la mgomba, hakuwa kijani. Akamjaribu hata kwenye shati la njano la timu. "Kila nikimweka anazidi kuwa mweusi tu. Halafu hali chochote. Mchana kutwa anakwangua ndoo." Bibi yake alikuwa upande wa jikoni, amegeuza uso makusudi asione kilichomo. Akasema, "Mwambie akamtupe huyo lumbwi huko alikomtoa. Hatutaki mikosi hapa."

Nikalegeza chandarua. Yule mnyama hakukimbia, kwa sababu kukimbia hakujui. Alijijaza pumzi mpaka ubavu ukawa mpana kama jani la mkunde. Vile vipande viwili vya ngozi vilivyo nyuma ya kichwa chake, ambavyo watu huviona kama masikio, vikasimama. Akafungua kinywa, ndani pakiwa na rangi ya machungwa, na akatoa sauti ya kufoka, ndogo, kama maji yanayodondokea kikaango cha moto. Kisha akaanza kuyumba mbele na nyuma pale kijitini, kama jani linalosukumwa na upepo, ingawa ndani ya ndoo hapakuwa na upepo wowote.

Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na nimewaona vinyonga wengi. Asubuhi ile niliona aibu. Siku tatu mfululizo kiumbe yule alikuwa amesema neno moja lilelile, kwa ngozi yake yote, na nyumba nzima haikumwelewa.

Sisi Waswahili tumemwonea sana kinyonga katika lugha yetu. Mtu asiyeaminika tunamwita kinyonga, na mwanasiasa anayehama chama tunamwita kigeugeu kama kinyonga. Chini ya maneno hayo kuna imani kwamba mnyama huyu huchukua rangi ya kila anapokaa ili adanganye. Ukweli ni kinyume chake. Kanga nyekundu haimfanyi mwekundu, wala ndoo ya bluu haimfanyi wa bluu. Kinyonga wa kawaida wa nyanda zetu, huyu mwenye masikio ya ngozi ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, amezaliwa na rangi za majani na magome, na hizo peke yake zinamtosha kujificha. Mabadiliko tunayoyaona juu yake yanatoka ndani: baridi na joto, mwanga, usingizi, hasira, hofu, mimba. Ni miongoni mwa viumbe wachache ambao yaliyomo moyoni mwao huandikwa juu ya mwili mzima, mahali pa kila mtu kusoma. Nikimtafakari hivyo, naona hakuna mnyama mkweli kumzidi.

Na jinsi kazi hiyo inavyofanyika ndani ya ngozi, hapo ndipo mtu mwenye akili anavua kofia. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, wakiongozwa na Michel Milinkovitch, walichapisha walichokigundua kwenye ngozi ya kinyonga mmoja wa Madagascar. Watu walikuwa wamezoea kudhani kwamba kinyonga humwaga rangi ndani ya ngozi yake, kama mtu anayemimina wino. Kumbe chini ya ngozi ya juu kuna seli zilizojaa fuwele ndogondogo za guanini, zimepangwa kwa safu kama matofali ya mjenzi hodari. Guanini ni mojawapo ya zile kemikali nne ambazo vinasaba vyetu vimeandikwa kwazo. Iko ndani yako wewe unayesoma na ndani yangu. Kinyonga akitulia, fuwele hukaa karibukaribu na hurudisha mwanga wa bluu. Bluu hiyo ikipita kwenye rangi ya njano iliyo juu yake, jicho letu huona kijani. Akichemka damu, kwa mfano dume akimwona dume mwenzake, fuwele huachana kidogo, na mwanga unaorudi hugeuka kuwa wa njano, wa machungwa, hata mwekundu. Umbali kati ya fuwele na fuwele ni mdogo kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwa chako ni gogo kando yake. Chini ya tabaka hilo lipo tabaka jingine, lenye fuwele kubwa zaidi, ambalo watafiti hao wanaona humpunguzia mnyama joto la jua.

Kuna pia seli za weusi. Hizo zina matawi yanayopanda juu kama mizizi iliyogeuzwa, na ndani yake mna chembe za rangi nyeusi. Mnyama akiwa ametulia, chembe hujikusanya katikati na weusi hauonekani. Akisumbuka, chembe hutawanyika katika matawi yote, na ngozi hufunikwa giza. Kwa hiyo pale ndooni palikuwa na mamilioni ya seli zilizofungua matawi yake kwa siku tatu bila kupata nafasi ya kuyafunga.

Sasa, weusi huo unasema nini hasa? Hapa nina jambo ambalo tangu nilisome sijaacha kulifikiria. Huko Arizona, Marekani, mtafiti Russell Ligon aliwaangalia madume wa kinyonga wa Yemen wakipambana. Katika kazi aliyoichapisha na mwenzake mwaka 2013 aliona kwamba dume ambaye rangi zake hung'aa zaidi na kugeuka upesi zaidi ndiye mwenye nafasi kubwa ya kushinda. Mwaka uliofuata akaonyesha upande wa pili: anayeona ameshindwa hujitia giza. Anajizima. Ni mnyama wa mwendo wa polepole, hawezi kutoka mbio uwanjani, basi amepewa namna ya kusema "nimeshindwa, niache." Na mwenzake akiiona rangi hiyo, humwacha.

Hebu lipime jambo hilo. Mwenyezi Mungu amemuumba kiumbe asiye na mbio, asiye na sumu, asiye na sauti ya kuita msaada, asiye hata na tundu la sikio nje ya kichwa. Akampa neno moja la kusalimu amri, na ndani ya damu ya vinyonga wenzake akaweka utii kwa neno hilo. Yule wa kwenye ndoo alilisema neno hilo kwa mtoto, kwa mama mtu, kwa kuku waliochungulia. Katika jamii yake lingetosha.

Mtoto aliponiuliza kwa nini hanywi maji na maji yapo, nilimwambia alete jani pana na kikombe. Tulimtoa ndooni, tukamweka kwenye tawi la mpera ulio uani. Vidole vyake vikalishika tawi namna ambayo nadhani mpwa wangu hataisahau, maana nilimfanya avihesabu. Mguu wa mbele una vidole vitatu vilivyofungwa pamoja upande wa ndani na viwili upande wa nje. Mguu wa nyuma umegeuzwa, viwili ndani na vitatu nje. Hivyo kila mguu ni koleo, na koleo za mbele na za nyuma zinapingana ili tawi lisizunguke chini yake. Kisha nikachovya vidole kikombeni na kuyanyunyiza majani yaliyokuwa juu ya kichwa chake. Matone yakateremka, moja likasimama kwenye ncha ya jani mbele ya pua yake. Jicho moja likaligeukia lile tone. La pili likabaki kwetu, linatuangalia. Akasogea nusu hatua, akafungua kinywa, akalichukua tone. Akachukua la pili. Alikunywa kwa dakika kumi au zaidi, na mtoto akawa ananyunyiza pole pole bila kuambiwa.

Kinyonga ni mtu wa umande. Maji aliyoandikiwa ni yale yanayomeremeta na kutikisika juu ya jani baada ya mvua au alfajiri. Maji yaliyotulia kwenye kifuniko cha chupa mara nyingi hayaoni kabisa. Anaweza kufa kwa kiu akiwa amekanyaga ukingo wa bakuli. Dalili yake ni macho. Zile tufe mbili zilizotuna, zenye tundu dogo katikati, huanza kubonyea na kuzama ndani. Kinyesi nacho husema: sehemu ile inayopaswa kuwa nyeupe hugeuka njano au rangi ya machungwa. Wa mpwa wangu macho yake yalikuwa yameanza kubonyea.

Lakini si kila jambo geni kwa kinyonga ni shida, na hapa mfugaji mwenye haraka hukosea. Asubuhi na mapema kinyonga mzima hujifanya mweusi ili aote jua, kwa kuwa damu yake hupata joto kutoka nje, na weusi hunywa mionzi. Ndugu yake wa jangwa la Namib huwa mweusi ubavu unaotazama jua na kubaki mweupe ubavu wa pili, mstari wa mgongo ukiwa mpaka. Usiku kinyonga wetu akilala hupauka karibu kuwa mweupe, mkia umekunjwa kama utambi wa taa, na amechagua ncha ya tawi jembamba kabisa, ili nyoka akitambaa tawi litikisike na limwamshe. Ukipita na tochi pembeni mwa mashamba ya Kisaki usiku, ndivyo utakavyomwona: jani moja jeupe kati ya majani ya kijani. Jicho nalo likituna ghafla na kuzunguka kana kwamba linataka kutoka, anajisafisha tu. Akijisugua kwenye tawi na ngozi ikibanduka vipande vyeupe, anajivua. Kuyumba kama jani wakati wa kutembea ni ufundi wake wa siku zote wa kujificha.

Cha kutia wasiwasi ni kingine. Ni macho yaliyofungwa wakati wa mchana. Kinyonga mzima halali jua likiwaka. Ni kinywa kinachobaki wazi hali hakuna anayemtisha, maana hapo ama joto limemzidi au mapafu yana ugonjwa. Ni weusi usioondoka hata jua limepanda na mwili umepata moto. Ni kukwangua na kupanda ukuta wa chombo saa nzima, kuanguka, kupanda tena. Ni miguu inayopinda kama upinde, kwa sababu amekosa jua na madini ya chokaa, na mifupa imelainika. Mnyama huyu, kama wanyama wengi wanaowindwa, huficha ugonjwa mpaka nguvu ya kuuficha inapomwishia, kwa hiyo siku unayouona ujue ulianza zamani.

Na upweke wake usiuhurumie. Mpwa wangu alikuwa na mpango wa kumtafutia mwenzake "ili asinyong'onyee". Ni huruma ya mtoto, na ni nzuri, ila ni huruma ya kibinadamu iliyopelekwa mahali pasipoihitaji. Kinyonga huishi peke yake. Hukutana na mwenzake wakati wa kupandana, basi. Wawili ndani ya chombo kimoja ni vita isiyo na pa kukimbilia, hata kama hawagusani, kwa sababu kule kuonana tu kunatosha kumwangamiza mnyonge taratibu. Kioo nacho ni hivyohivyo. Amewekewa duara lake la dunia, na duara hilo ni mti mmoja.

Ndipo nikamtazama vizuri pale kwenye mpera, jua likimpiga kwa upande, nikaona nilichopaswa kukiona mapema. Shina la mkia lilikuwa jembamba, bila ule unene wa dume. Na tumbo halikuwa limejaa pumzi peke yake: ubavuni, chini ya ngozi, palikuwa na vivimbe vidogo vya duara, vingi, kama gunia lililojaa karanga.

"Ulimkuta wapi?" nikamuuliza mtoto.

"Chini, barabarani, kule njia ya shamba la ufuta. Alikuwa anavuka."

Basi kila kitu kikakaa mahali pake. Kinyonga jike wa aina hii hukaa mtini siku zake zote, na ni kwa sababu maalumu tu hushuka na kutembea ardhini, hatua moja baada ya nyingine, katikati ya kuku, mbwa, pikipiki na binadamu wanaomwogopa. Mimba yake imekomaa, anatafuta udongo. Akipata mahali penye unyevu unaofaa, atachimba kwa miguu shimo refu la kumzamisha mwili, kazi inayoweza kuchukua siku nzima, na ndani yake atataga mayai 20, 30, mara nyingine zaidi ya 40. Akikosa udongo, hukataa chakula, huzunguka huku na huku, hukwangua chochote kilicho chini yake, na mwisho mayai humkaa tumboni, akafa nayo. Kule kukwangua ndoo mchana kutwa kulikuwa ni kuchimba. Alikuwa anachimba plastiki kwa siku tatu.

Niliona uso wa mpwa wangu ulivyobadilika, naye hana fuwele zozote katika ngozi. Hakulia, lakini alikaribia.

Tulipokuwa tunasubiri jua lipungue ukali, tulikaa chini ya mpera nikamweleza habari za jamaa wa huyu kinyonga mama. Kutoka uani kwao, siku mawingu yakiinuka, milima ya Uluguru huonekana upande wa kaskazini, ile inayotuma chini mto Mgeta na mito inayoijaza Ruvu, ambayo watu wa Dar es Salaam huinywa bila kukumbuka inakotoka. Kilele chake, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Katika misitu ile ya ukungu wamo vinyonga ambao ukiwatafuta nje ya nchi yetu huwapati. Yupo mwenye pembe mbili puani aliyepewa jina la milima yenyewe, Kinyongia uluguruensis, ambaye Arthur Loveridge, aliyekusanya viumbe wengi wa nchi yetu, alimwandika mwaka 1957. Yupo ambaye dume wake ana pembe tatu kama faru wa hadithi, na jike wake hatagi, huzaa watoto hai, kwa maana juu kule baridi ingeyachelewesha mayai ardhini. Yupo mwingine mdogo kuliko kidole chako cha kati, wa rangi ya jani lililokauka, aliyetambuliwa kuwa aina ya peke yake mwaka 1996 tu. Huyo ukimshika hutetemeka kiganjani, mtetemo mwepesi, na hiyo ndiyo namna yake ya kuomba aachwe. Duniani kote vinyonga ni aina zaidi ya 200, karibu nusu yao Madagascar, na nchi yetu ni miongoni mwa zilizobarikiwa zaidi baada ya kisiwa hicho.

Nikamweleza pia kisa cha msitu wa Magombera, kwa kuwa kilitokea upande ambako treni ya TAZARA huelekea ikishatoka Kisaki, kwenye bonde la Kilombero. Mtafiti Mwingereza, Andrew Marshall, alikuwa msituni akichunguza kima, akamkuta nyoka mwembamba, wa aina ile inayofanana na kijiti, anammeza kinyonga. Nyoka akashtuka, akamtema, akaenda zake. Kinyonga yule hakufanana na yeyote aliyekuwa akijulikana. Mwaka 2009 aliandikwa rasmi kwa jina la Kinyongia magomberae. Mungu akitaka kukuonyesha kiumbe chake, anaweza kukitoa hata kinywani mwa nyoka.

Mtoto akataka habari ya ulimi. Watoto wote huitaka. Ulimi wa kinyonga huweza kufika mara mbili ya urefu wa mwili wake bila mkia. Hauendeshwi na msuli tupu. Msuli kwanza huvuta na kukaza nyuzi laini zilizozunguka mfupa wa ulimi, kama mtu anavyovuta manati, halafu huziachia. Mwaka 2016 Christopher Anderson wa Marekani alichapisha vipimo vya ndimi za aina 20, na mshindi wa wote hakuwa mkubwa mwenye pembe. Alikuwa kinyonga mdogo wa Usambara, Rhampholeon spinosus, ambaye ulimi wake uliongeza kasi mara zaidi ya 260 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Ni Mtanzania huyo, anaishi kwenye kichaka, na hakuna anayemjua.

Lakini tunachomfanyia kinyonga nchini kwetu hakifanani na heshima aliyopewa na Muumba wake. Utotoni niliona watu wazima wakimtia ugoro kinywani ili wacheke anavyogeuka rangi huku anakufa. Rangi zile zilikuwa ukelele. Wengine humpiga mawe kwa kudhani ana sumu, ilhali hana. Katika hadithi za mababu za makabila mengi ya Afrika yeye ndiye mjumbe aliyechelewa kuwaletea watu habari ya uzima, na huenda chuki ilianzia huko. Upande mwingine kuna wanaomthamini kwa fedha. Kwa miaka mingi vinyonga wetu walisafirishwa nje wakiwa hai kwa maelfu, wafugwe Ulaya na Marekani, na wengi walifika wamekauka kwa kiu na wamejaa minyoo. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na mwaka huohuo mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, uliofanyika Johannesburg uliwaingiza hata vinyonga wadogo wa msituni katika orodha ya wanaolindwa. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma. Kumweka nyumbani kunataka kibali. Nilimwambia hivyo mpwa wangu pia, taratibu, bila kumtisha.

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, ambako watu hufuga vinyonga waliozaliwa mikononi mwa wafugaji, kama mnaye, mpeni mti hai badala ya kijiti, wavu unaopitisha hewa badala ya kioo, taa yenye mionzi kama ya jua, na mvua ya kunyunyiza. Kama ni jike, hata asiyewahi kumwona dume, mwekeeni udongo wenye kina, maana mayai huja hata hivyo. Na mwacheni aishi bila kushikwashikwa. Anayetulia mkononi mwako mara nyingi ametulia kwa kukata tamaa.

Saa kumi na nusu jua lilipolegea tulimchukua pamoja na tawi lake, tukafuata njia ya shamba la ufuta. Alikuwa ameanza kubadilika. Weusi ulikuwa umegawanyika madoa, na kati ya doa na doa kijani kilikuwa kinatoka. Mtoto aliligundua hilo kabla yangu akasimama njiani. "Mjomba, anasema nini sasa?"

Tulimweka chini kando ya njia, upande aliokuwa anaelekea siku ile, penye mchanga mlaini chini ya kichaka, tukarudi nyuma hatua nyingi. Hakusogea kwa muda mrefu. Jicho moja lilikuwa kwetu, jingine lilikuwa linapima ardhi. Kisha akatembea, akasimama, akagusa udongo kwa mguu wa mbele, akauacha. Akagusa pengine. Mara ya tatu akaanza kuchimba.

Giza liliingia naye bado anachimba, amezama hadi mabegani. Asubuhi tulipokwenda hakuwapo. Shimo lilikuwa limefukiwa na kukanyagwa likawa sawa na ardhi, na majani makavu yamesukumwa juu yake. Kama tusingelipajua mahali, tusingelipaona. Mtoto alikata matawi ya miba akayazungushia pale ili kuku wasiparue, akaenda kumwambia mwenye shamba asilime upande ule. Mwenye shamba alicheka, kisha akakubali.

Mayai ya kinyonga huyu hukaa ardhini miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mitano, yakingoja joto na mvua. Mama yao hatarudi kuyaangalia, na watoto watatoka wenyewe, kila mmoja akipanda majani yake. Wewe uliye Kisaki, ukipita njia ile ya ufuta ukakuta miba imezungushiwa mahali pasipo na kitu, usiiondoe.